Baba Wawili Bila Mkubwa

Ukimwambia Mzee Sadala Hiza wa Sindeni kwamba leo kuna joto, atakuuliza umelipimia wapi. Ukimwambia basi hakuna joto, atafungua vifungo vya shati akuonyeshe jasho. Watu wa Sindeni wamemzoea. Wakikutana naye njiani humpa shikamoo, wakishasikia marahaba yake huongeza mwendo kabla hajapata neno la kushika.

Roho mbaya hana. Hajawahi kumpiga mtu, hajawahi kung'oa muhogo wa jirani. Michungwa yake ni misafi kuliko yote upande ule wa barabara ya Handeni. Ila ukimpa neno hawezi kulipokea likiwa zima. Lazima aligeuze aangalie chini yake kuna nini.

Mwaka wa sensa, vijana walipita wakiandika namba kwa chaki kwenye milango. Mzee Sadala akaifuta ya kwake. Akasema mlango ni wa mninga, na aliyeuandika hakuomba. Wakaiandika ukutani. Akaifuta hiyo nayo. Akawauliza, kama wamekuja kuhesabu watu, mbona yeye yupo hapa na wanaandika nyumba? Mwishowe wakamwandikia namba kwenye karatasi, wakamwachia. Walipoondoka akachukua nyundo na msumari, akaigongomea karatasi ile katikati ya mlango wa mninga. Tundu lipo hadi leo.

Mwaka mwingine redio ilisema mvua za vuli zitakuwa chache, wakulima wasiharakishe kupanda. Alipanda jioni ile ile. Mahindi yakafika magotini, yakakauka. Jirani akamwambia, "Mzee, redio si ilisema?" Mzee Sadala akamjibu kwamba redio ilipatia kwa kubahatisha, na kwamba yeye hawezi kulima kwa kubahatisha.

Husna aliyajua yote hayo kwa sababu alikulia humo ndani. Baba yake mzazi, Rashidi, alifariki Husna akiwa na miaka minne. Mama yake, Maryamu, baadaye akaolewa Mombo, ambako huwauzia abiria wa mabasi mayai ya kuchemsha. Husna akabaki Sindeni kwa Mzee Sadala, ndugu yake Rashidi, na mkewe Swaumu. Wao hawakujaliwa mtoto. Mzee Sadala akamwita mwanangu, na mtu aliyethubutu kusema "mtoto wa ndugu yako" aliulizwa ameona wapi cheti.

Husna alijifunza mapema kwamba kumbishia baba yake ni kazi ya kutwa, na kumkubalia ni kazi vilevile. Hata ujanja haukusaidia. Mama Swaumu aliwahi kutaka choo kipya, akamwambia mumewe, "Mimi naona hiki bado kinatufaa. Usijisumbue kuchimba."

Mzee Sadala akamtazama. "Unataka nichimbe."

"Hapana."

"Unataka. Umesema nisijisumbue ili nijisumbue."

Akakaa miezi minne bila kugusa jembe la choo. Alichimba siku ambayo hakuna mtu aliyekuwa amesema chochote, na alipomaliza akasema wanawake wa nyumba hii hawajui kuomba.

Sasa, ubishi wote huo ulikuwa mdogo. Ubishi mkubwa wa maisha yake ulikuwa na jina, na jina lake lilikuwa Adamu.

Babu yake Husna, mzee Hiza, alikuwa na wake watatu. Wa kwanza alimzaa Rashidi tu, akafariki. Wale wawili waliobaki walipata mimba pamoja na wakajifungua wiki moja, katikati ya masika, nyumba zao zikiwa zinatazamana. Mmoja akamzaa Adamu, mwingine akamzaa Sadala. Mzee Hiza mwenyewe alikuwa Korogwe akikata mkonge. Aliporudi alikuta watoto wawili wamefungwa kwenye khanga, akauliza nani katangulia. Kila mama akasema wangu. Mkunga aliyewazalisha wote wawili alikuwa ajuza mmoja ambaye kabla mwezi haujaisha akafa. Mzee Hiza hakupenda maneno. Akawapa majina siku moja, akawatahirisha siku moja, na yeye naye akafa bila kulitolea jambo hilo kauli.

Basi wakakua hivyo, ndugu wawili, kila mmoja akiwa kaka wa mwenzake. Shikamoo haikupita kati yao hata mara moja, kwa kuwa kila mmoja alikuwa anaisubiri kutoka upande wa pili. Salamu ya dini nayo haikufaa, maana walifundishwa kwenye chuo cha Kurani kwamba mdogo ndiye anayeanza. Adamu alipokuja Sindeni kutembea, walikaa kwenye benchi moja barazani, kimya, nusu saa, hata zaidi. Husna akiwa mdogo kazi yake ilikuwa kutoka ndani na kusema, "Shikamooni." Wote wawili wakaitika marahaba, na hapo mazungumzo yakawa yamefunguliwa. Wakaulizana habari za mvua kama watu wa kawaida.

Vitambulisho vya taifa vilipokuja, kila mmoja alitumaini vitamaliza maneno. Lakini siku ya kuzaliwa hakuna aliyeijua, walijua mwaka tu, kwa hiyo kadi zote mbili zikatoka na tarehe mosi Julai. Mzee Sadala alipoiona ya Adamu akasema Adamu amemwiga.

Adamu ni fundi cherehani Manundu, pale Korogwe mjini. Naye ni mbishi, ila habishi kwa mdomo. Hubisha kwa kunyamaza, na kimya chake hakina mahali pa kukishikia. Ndiye aliyemshonea Husna sare zote za shule, darasa la kwanza mpaka la saba, kila mwaka saizi moja zaidi, na hakuwahi kumpima. Husna alimwita Baba wa Manundu. Watoto wengine wana baba mkubwa na baba mdogo. Yeye alikuwa na baba wa Sindeni na baba wa Manundu, na hayo maneno mawili, mkubwa na mdogo, hakuwahi kuyatamka mbele yao. Hata sufuria aliziita ile pana na ile nyembamba.

Husna alipofika miaka ishirini na mbili alichumbiwa na Muhsin, mkulima wa mpunga wa Magoma. Alikuwa kijana mpole mwenye mikono mikubwa. Washenga walipokuja, Mzee Sadala aliwahoji tangu saa tatu asubuhi mpaka adhana ya alasiri. Aliwauliza kwa nini Magoma inaitwa Magoma. Walipojibu akawaambia sivyo. Lakini posa aliipokea, na watu wote walishangaa, na Mama Swaumu akasema wasishangae kwa sauti.

Ndoa ikapangwa Ijumaa, baada ya swala.

Na hapo ndipo penyewe. Mwanamke wa Kiislamu huozeshwa na walii wake, mwanamume wa karibu wa upande wa baba. Baba wa Husna hayupo, babu hayupo, kaka hana. Wanabaki baba zake wawili, ndugu wa Rashidi kwa baba, na wote wako daraja moja. Sheikh Abdulaziz, imamu wa msikiti wa Sindeni, alikaa kwenye mkeka barazani, bwana harusi mbele yake, akasema kama anavyosema siku zote, "Wakiwa sawa, tunamtanguliza mkubwa. Mkubwa kati yenu asogee."

Wakasogea wote wawili.

"Nimesema mkubwa," sheikh akasema.

"Tumesikia," akajibu Mzee Sadala. "Mwambie huyu arudi nyuma."

Adamu hakusema kitu. Wala hakurudi nyuma.

"Mzee Adamu?" sheikh akauliza.

"Nipo."

"Mimi mama yangu alinizaa kwanza!" Mzee Sadala akasema. "Na kama kuna anayebisha aseme aliyaona wapi."

"Mama yangu ndiye aliyeolewa kabla ya wako," Adamu akasema, taratibu.

"Kwani tunaozesha mama yako?"

Iliendelea hivyo. Mama Swaumu alichungulia mara tatu, mara ya nne akaagiza chakula kitolewe, maana wageni hawana kosa. Watu wa Magoma wakala pilau, wakanawa, wakasali alasiri, wakakuta wale wawili wako pale pale kwenye mkeka. Mjomba wake Muhsin, mzee mfupi aitwaye Jumaa, akasimama akafunga kifungo cha kanzu.

"Pilau tumekula, Mungu awazidishie," akasema. "Mke hatujapata. Tutarudi Ijumaa ijayo. Tukiondoka tena kama leo, ndugu zangu, msitutafute. Magoma nako kuna wasichana."

Husna alilisikia hilo akiwa chumbani, hina mikononi bado mbichi.

Wiki ile hakulala vizuri, ila kazi za nyumbani alizifanya zote. Asubuhi moja alikwenda kumpelekea Mzee Sadala uji shambani, akamsikia kabla hajamwona. Alikuwa kati ya michungwa, amevaa kofia mpya aliyoinunulia harusi, anausemesha mti. "Nimekuozesha," alikuwa anasema. Akasita. "Hapana. Nimekuozesha wewe, Muhsin." Akasita tena. "Nimekuozesha mwanangu. Hapana, binti. Binti ya ndugu yangu." Husna akarudi nyuma hatua kumi, akakohoa, ndipo akaja na uji. Mzee Sadala akauonja akasema umezidi sukari. Haukuwa na sukari kabisa.

Jumanne Sheikh Abdulaziz akaja, akamwita Husna pembeni, Mama Swaumu akiwapo.

"Binti yangu, nimesoma, nimeuliza na wenzangu. Njia ipo. Mawalii wakilingana na wakagombana, mwanamke humtaja amtakaye. Ijumaa nitakuuliza mbele ya mashahidi. Wewe utataja jina moja. Basi, imekwisha."

"Nikitaja jina nitakuwa nimesema huyo ndiye mkubwa?"

"Hapana. Utakuwa umemtaja walii tu."

"Wao watasikiaje?"

Sheikh akajikuna ndevu. "Hao," akasema, "watasikia hivyo unavyosema."

"Na nisipotaja?"

"Magoma nako kuna wasichana," Mama Swaumu akajibu badala ya sheikh, akaendelea kuchambua mchele.

Kwa hiyo Husna alikuwa na siku tatu za kuchagua jina. Akimtaja wa Manundu, mtu aliyemlea miaka kumi na minane atakuwa mdogo, tena kwa mdomo wake yeye, mbele ya Sindeni nzima. Akimtaja wa Sindeni, mtu aliyemshonea kila nguo aliyowahi kuivaa ikiwa mpya atachukua cherehani yake na kimya chake, na hatakuja tena. Alimjua. Adamu alishawahi kumnunia mteja mmoja miaka tisa kwa sababu ya kola.

Alhamisi akaenda Manundu kuchukua gauni. Adamu alikuwa anamalizia pindo, miwani imeshuka hadi puani, redio ndogo inasoma matangazo ya vifo.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Kaa hapo kwenye gunia la vitambaa."

Akakaa. Cherehani ikaenda, ikasimama, ikaenda.

"Sheikh amenipigia," Adamu akasema. "Kasema utaulizwa."

"Ndiyo, Baba."

"Utamtaja nani?"

Husna akaangalia vidole vyake. Hina ilikuwa imekolea, nzuri, ya harusi ambayo haikufungwa. Adamu akasubiri. Yeye anajua kusubiri. Kisha akakata uzi kwa meno.

"Usitaje mtu."

"Nisipotaja sitaolewa, Baba."

"Utaolewa. Hebu simama nione urefu."

Akasimama. Gauni lilimkaa kama kilivyomkaa kila kitu kutoka mikono ile. Adamu hakusema neno lingine, na Husna alipanda gari kurudi Sindeni bila kujua amepewa nini.

Ijumaa watu wa Magoma wakarudi. Safari hii walikuwa wachache, wale wa kula hawakuja. Mzee Jumaa alikaa karibu na mlango wa kutokea, viatu amevielekeza njiani. Muhsin alikaa mbele ya sheikh, kanzu ile ile ya wiki iliyopita, imepigwa pasi upya. Mzee Sadala kulia, Adamu kushoto, kila mmoja amejitanguliza kwa goti moja. Husna alikaa chumbani na Mama Swaumu. Kati yao na baraza palikuwa na pazia tu, na pazia lilikuwa na mwanya.

Sheikh Abdulaziz akasoma aliyoyasoma, akafunga kitabu, akageukia pazia.

"Husna binti Rashidi. Umesikia?"

"Nimesikia, Sheikh."

"Mbele ya mashahidi hawa. Nani unataka akuozeshe?"

Mama Swaumu akamshika mkono. Husna alifungua mdomo, na mpaka leo hajui lingetoka jina gani, kwa sababu Adamu alisema, "Sheikh, ngoja."

Alisimama. Akavuka mkeka, akapita mbele ya Muhsin, akafika kwa Mzee Sadala. Akainama kidogo, mikono mbele, kama mtoto aliyetumwa.

"Shikamoo, kaka," akasema.

Watu wote wakageuka. Hata Mzee Jumaa aliacha kuangalia viatu vyake. Karibu miaka sabini neno hilo lilikuwa halijavuka kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine, na sasa lilikuwa limevuka, kwa sauti ya kawaida, mchana, na kilichobaki ni marahaba tu. Kupitia kwenye mwanya wa pazia, Husna aliuona mdomo wa Mzee Sadala ukifunguka.

"Unasemaje?" Mzee Sadala akauliza.

"Shikamoo, kaka."

"Kaka nani?"

"Wewe."

"Tangu lini?"

"Tangu leo. Wewe ndiye mkubwa. Ozesha, mtoto aende zake."

Wazee wawili watatu wakaitika, naam, naam, busara hiyo. Sheikh akafungua kitabu tena. Mzee Sadala akanyanyua kiganja.

"Subirini kwanza. Nani kakwambia mimi ni mkubwa?"

"Wewe," Adamu akasema. "Tangu tuko chuoni."

"Mimi nilikuwa nasema. Sikuulizi nilisema nini. Nakuuliza wewe una ushahidi gani?"

"Sina."

"Huna?"

"Sina. Nimekubali tu."

"Anakubali tu!" Mzee Sadala akawageukia watu. "Mnamsikia? Jambo la ukoo, jambo la damu, anakubali tu, kama mtu anayepewa koti la mtumba! Ukubwa hautolewi hivyo, bwana. Leo unanipa, kesho utaniambia ulinionea huruma."

"Sitakwambia."

"Utanyamaza! Kunyamaza kwako nakujua!"

"Mzee Sadala," sheikh akasema, "amekusalimu. Itikia, tuendelee."

"Naitikia nini, na mtu anasema jambo asilolijua? Yeye hajui kitu. Siku ile anaijua? Mimi ndiye ninayeijua, mama yangu alinisimulia kwa mdomo wake." Alikuwa amesimama sasa, kofia mpya imeenda upande. "Yule ajuza, mkunga, alikuwa na chungu kimoja cha kuogeshea watoto. Kimoja. Mimi niliogeshwa kwenye sufuria. Niulizeni kwa nini."

Hakuna aliyeuliza.

"Niulizeni!"

"Kwa nini?" akasema Muhsin, bwana harusi. Hilo lilikuwa neno lake la kwanza siku hiyo.

"Kwa sababu chungu kilishapasuka! Na kilipasukia wapi? Kilipasukia nyumbani kwa mama yake huyu, siku mbili nyuma, wakati wanamwogesha yeye! Mimi nimekuja nakuta vigae. Huyu kaoga kwenye chungu kizima. Sasa mtu aliyeoga kwenye chungu kizima atamwambiaje mtu wa sufuria shikamoo? Hana ushahidi! Ushahidi ninao mimi!"

Akawatazama watu wote mmoja mmoja, kifua mbele, kama ambavyo hutazama kila anaposhinda.

Adamu alivua miwani akaifuta kwa kanzu. "Kwa hiyo mimi niliogeshwa kwanza."

"Ndiyo nakwambia!"

"Nilizaliwa kwanza."

"Kwa siku mbili!"

Ndani ya chumba, Mama Swaumu aliachia mkono wa Husna, akajifunika uso kwa upindo wa khanga. "Amejimaliza," akasema polepole. "Miaka arobaini ya ndoa hakuniambia habari ya chungu."

Mzee Sadala alibaki amesimama. Ilionekana anayarudia maneno yake mwenyewe kichwani, moja moja, akitafuta la kulibishia. Hakulipata. Akakaa. Akaweka kofia sawa. Akaanza kunyoosha mkunjo wa mkeka kwa kidole, na mkunjo haukuwepo. Wapo waliocheka barazani. Husna hakucheka. Alikuwa akikitazama kidole.

"Basi," sheikh akasema kwa uangalifu, "kwa ushahidi wa Mzee Sadala mwenyewe, mkubwa ni Mzee Adamu, na walii ni yeye. Mzee Adamu, sogea."

Adamu akasogea. Akamtazama Muhsin, akatazama pazia, kisha akasema kwa sauti ile ile ya kumwambia mteja nguo iko tayari, "Walii anaruhusiwa kumweka mtu wakili?"

"Anaruhusiwa."

"Namweka wakili mdogo wangu, Sadala. Aozeshe kwa niaba yangu."

"Sijakubali," Mzee Sadala akasema, bila kunyanyua uso. Ilitoka yenyewe, kama chafya.

"Hukubali?" sheikh akauliza.

Mzee Jumaa wa Magoma akaanza kuvaa kiatu cha kushoto.

"Baba," Husna akaita kutoka nyuma ya pazia.

"Naam," wakaitika wote wawili.

Hakuwa amepanga aseme nini baada ya hapo. "Baba, namwomba Sheikh aendelee," akasema.

Mzee Sadala akavuta pumzi, akasogea kwa magoti mpaka mbele ya Muhsin, akanyoosha mkono. Kijana akautoa wake. Sheikh akainamisha kichwa.

"Sema baada yangu, Mzee, na usiongeze. Nimekuozesha."

"Nimekuozesha."

"Wewe Muhsin."

"Wewe Muhsin."

"Husna, binti ya Rashidi."

Hapo sauti ilishuka, wakamsubiri. "Husna, binti ya Rashidi."

"Kwa niaba ya kaka yangu Adamu."

Mtu akakohoa. Adamu alikuwa anatazama dari.

"Lazima liwemo?" Mzee Sadala akauliza.

"Jina la walii lazima liwemo."

"Jina nitasema. Naulizia hilo lingine."

"Mzee, umelithibitisha mwenyewe sasa hivi."

Mzee Sadala akafikiri. "Kwa niaba ya kaka yangu Adamu," akasema, "aliyenizidi siku mbili."

"Hilo la siku mbili sikulisema."

"Nimeliongeza. Ni kweli au si kweli?"

Sheikh akamtazama Adamu. Adamu akatikisa kichwa kukubali.

"Ni kweli," sheikh akasema.

"Basi liwemo."

Likawemo. Ikafuata mahari, msahafu na kitanda, nayo akaitaja bila kuipinga. Sheikh akamgeukia bwana harusi.

"Nimekubali," Muhsin akasema.

Wanawake wakapiga vigelegele, Mama Swaumu akiwa wa kwanza, na huko nje mtu akaanza kupiga ngoma kabla hajaambiwa. Lakini Mzee Sadala alikuwa bado ameshika mkono wa Muhsin.

"Sijasikia," akasema.

"Tumesikia wote, Mzee," sheikh akasema. "Mashahidi wamesikia."

"Anayeozesha ni mimi au ninyi? Sijasikia. Nyamazisheni hiyo ngoma."

Ngoma ikanyamaza. Vigelegele vikakatika kimoja kimoja, cha Mama Swaumu kikiwa cha mwisho.

"Nimekubali," Muhsin akasema, kwa nguvu kidogo.

"Umekubali nini? Mtu anaweza kukubali chai."

Jasho lilikuwa linamtoka kijana wa Magoma. Alimtazama sheikh, sheikh akamfanyia ishara ya subira. Basi akajikaza, akasema mpaka wapita njia wa barabarani wakageuka, "Nimekubali kumwoa Husna binti Rashidi kwa mahari iliyotajwa!"

Mzee Sadala akamchungulia machoni muda mrefu, akitafuta kama kuna kitu chini ya maneno yale.

"Haya," akasema, akauachia mkono.

Muhsin akavifikicha vidole damu irudi.